Ziwa la Kushoto

Binti yangu wa kwanza nilimwachisha ziwa kwa shubiri. Mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, ndiye aliyenitengenezea. Aliilowesha kwenye kibati, akanipaka kwa ncha ya kidole, akaniambia nivumilie mpaka mtoto achukie mwenyewe. Mtoto alionja mara ya kwanza akakunja uso. Alipoonja tena akalia, kisha akanitazama kana kwamba nimegeuka mtu mwingine. Tangu siku hiyo akahamia kulala kwa bibi yake, kama walivyofanya watoto wote wa nyumba ile, nami nikabaki na maziwa yaliyojaa yakinichoma.

La kulia likakauka. La kushoto likabaki na kitu ndani.

Kilikuwa upande wa nje, karibu na kwapa, kigumu kama kokwa ya zambarau. Nikikibonyeza hakiumi. Nilimwonyesha mavyaa, naye akasema ni maziwa yaliyoganda, wala nisijitie wasiwasi. Akachukua kitana cha mti, akakipasha kwa mvuke wa chungu, akanichana kutoka juu ya ziwa kuja kwenye chuchu, polepole, huku midomo yake ikisoma dua.

"Hata mimi nilipomwachisha mumeo nilipatwa na haya," akasema. "Nikachanwa na mama yangu, yakashuka. Nawe yatashuka, mkaza mwanangu."

Hayakushuka.

Tulikuwa tukiishi Msambweni, nyuma kidogo ya pwani, katikati ya minazi ya ukoo wa mume wangu. Yeye alikuwa mpishi katika mojawapo ya hoteli za mwanzo kule Diani, akija nyumbani siku yake ya mapumziko na kurudi kesho yake. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Watu walikuwa na furaha na haraka, kila mmoja akisema mambo yatakayokuja: barabara, shule, maji ya mfereji. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na jambo nililolifikiria kutoka alfajiri mpaka jioni lilikuwa dogo, linaenea kwenye kiganja.

Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona. Nilipokuwa msichana, kwetu juu Kwale, mama yangu mdogo aliumwa ziwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji chumbani. Alikuwa akijifunika kanga mbili na kuamuru udi ufukizwe mchana kutwa, lakini chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, na nzi waliijua. Siku moja kanga ilimteleza nikaona. Akaniambia, "Usiniangalie, mwanangu. Weka maji uende." Alikufa kabla ya mvua za vuli. Hakuna aliyeutaja ugonjwa wake kwa jina. Walisema tu, "maradhi yale."

Basi ile kokwa ilipoanza kukua nikanyamaza. Nikawa nafunga kanga juu zaidi. Mavyaa akiniuliza kama maziwa yameshuka, nasema yanashuka. Nilidhani nikinyamaza sana, na mwili nao utasahau.

Mwili haukusahau. Baada ya miezi kadhaa ngozi juu ya uvimbe ikawa nyekundu, ikang'aa, ikawa laini kama papai lililoiva. Hapo maumivu yakaja. Nikaenda kwenye zahanati kwa dresa, mzee mpole aliyewafunga vidonda watu wote wa upande wetu. Akasema ni jipu la ziwa, wanawake wengi wanaoachisha watoto hulipata, na mimi nikafurahi karibu nimbusu mkono. Jipu! Jipu ni kitu cha kawaida. Akalipasua, nami nikauma pindo la kanga. Usaha uliotoka ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, na ndani yake vipande vyeupe vyeupe, kama tui lililokatika. Aliutazama kidogo, akaweka pamba, akanichoma sindano za penisilini siku kadhaa. Kidonda kikafunga. Nikamwambia Mungu ahsante.

Kabla mwezi haujaisha kikafunguka tena, na tundu jingine likatokea kando yake. Ziwa likawa na macho mawili. Yalifunga na kufunguka kwa zamu, hili likikauka lile linatokwa. Chuchu ikaanza kuvutwa ndani kama imeshikwa na uzi. Kwapani zikaota tezi, ngumu, zimeshikana kama choroko kwenye ganda. Nilikuwa nikifua nguo zangu peke yangu, mapema, ili mtu asione madoa. Nikaanza kujifukiza udi, asubuhi na jioni, na kila moshi ulipopanda nilimkumbuka mama yangu mdogo.

Mume wangu ndiye aliyenifumbua. Ilikuwa adhuhuri, ametoka msikitini, ameketi mlangoni akila, nami nikapita mbele yake na bakuli.

"Mbona siku hizi wajifukiza kila siku?" akaniuliza. "Kuna harusi gani?"

Alikuwa akitania. Nikaweka bakuli chini, nikaingia chumbani, naye akanifuata. Nikafungua kanga. Akatazama. Alikuwa mtu mwenye maneno mengi, mtu wa kuchekesha wenziwe jikoni, lakini aliketi juu ya kitanda akaiweka mikono yake magotini kama mgeni.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto alipoacha kunyonya."

"Mama ajua?"

"Ajua mwanzo wake. Hajui mwisho."

Aliposikia neno hilo, mwisho, akainuka. "Kesho twaenda Mombasa," akasema.

Basi la asubuhi likatupeleka Likoni, tukavuka kwa feri, tukafika hospitali kubwa. Katika chumba cha kungojea palikuwa na picha mpya ya rais ukutani. Ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotangulia, na pembeni yake rangi ya ukuta ilibaki nyeupe mahali picha ya zamani ilipokuwa. Niliitazama sehemu ile nyeupe muda mrefu kwa sababu sikutaka kuwatazama watu.

Daktari wa kwanza alikuwa Mzungu mzee. Alinibonyeza ziwa, akanibonyeza kwapa, akavuta chuchu kuona kama yatoka nje. Akamwita mwenziwe, na wote wawili wakasimama juu yangu wakisema Kiingereza. Sikujua Kiingereza. Lakini neno moja nililijua, maana lilikuwa limekwisha kuingia mjini na mashamba, na nililisikia limetamkwa pale mara mbili: kansa. Miguu yangu ikaanza kutetemeka juu ya kitanda kile cha chuma, nikawa siwezi kuizuia. Kitanda kizima kikawa kinagonga.

Yule mwenziwe alikuwa mwanamke, Mhindi wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa, safi kuliko changu. Akaweka mkono wake juu ya magoti yangu mpaka yakatulia.

"Umesikia neno, sivyo?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi sikiliza na yaliyobaki. Ziwa lako linafanana na lenye kansa. Linafanana pia na ziwa lenye ugonjwa mwingine, wa uvimbe wa muda mrefu, unaofanya matundu kama haya. Kwa macho na kwa vidole hatuwezi kutenganisha. Kama ni kansa, itatubidi tuliondoe ziwa lote, na upesi. Kama ni ule mwingine, kulikata itakuwa dhuluma, kwani una dawa. Kwa hiyo kwanza tutakata kinofu kidogo tu, kipelekwe Nairobi kikatazamwe kwa darubini."

"Na wewe waonaje?" mume wangu akamwuliza. "Roho yako yakwambia nini?"

"Roho yangu haina darubini, bwana," akasema. "Nikikwambia nitakuwa nimekudanganya, hata kama nitapatia."

Nilimwogopa kwa jibu lile, na nilimwamini kwa lilo hilo.

Kinofu kilikatwa siku ileile. Walinitia ganzi, sikusikia maumivu, lakini nilisikia mkasi. Mpaka leo sipendi sauti ya mkasi ukikata kitu kinene. Nikashonwa nyuzi, nikafungwa bandeji, tukaambiwa turudi baada ya majuma machache. Katika feri mume wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mimi nikazidi kuogopa.

Mavyaa alikasirika. Alikasirikia kufichwa, kisha akakasirikia kile kinofu. "Maradhi ya namna hii hayaguswi na chuma," akasema. "Yakiguswa yanaamka. Mama yako mdogo kule Kwale alikatwakatwa na nani? Si alikufa?" Mama yangu mdogo hakukatwa na mtu yeyote, lakini sikuwa na nguvu za kumjibu. Akaniletea majani, akaniletea maji yaliyosomewa, akakaa nami akinikanda mgongo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye kikohozi cha asubuhi alichokuwa nacho tangu mimi nilipoolewa. Alisema ni moshi wa kuni. Sisi sote tulisema ni moshi wa kuni.

Majuma yale ya kungoja ndiyo mabaya kuliko yote niliyopata kuishi. Nilikwisha kujihukumia kufa, na kilichokuwa kikinitesa ni mtoto. Nikaamua kumzoesha kuishi bila ya mimi. Akinijia kutaka kupakatwa, namwambia, "Nenda kwa bibi." Chakula alilishwa na bibi kwa mkono wake, sahani moja. Usiku alilala mgongoni pa bibi, shuka moja. Nilimfundisha hata kumwita mama. Mtoto alifurahi, alimpenda sana bibi yake, na kila alipokuwa akikimbilia kule mimi nilikuwa nikilia nyuma ya mlango na kujiambia, vyema, atapata mtu.

Siku ya majibu ilipofika tulikuta chumba kimejaa. Yule daktari mwanamke alitutoa katikati ya foleni akatuingiza ndani, na mimi nikasema moyoni, hivi ndivyo wanavyowafanyia wanaokufa. Akafunga mlango. Akasema bila ya kuzungusha:

"Si kansa."

Mume wangu akasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa mpaka nesi akafungua mlango kutazama. Nilisikia jasho likinitiririka mgongoni.

"Ni kifua kikuu," akaendelea. "Cha ziwa."

"Mimi sikohoi," nikamwambia. Nilidhani wamechanganya vinofu. "Sijakohoa hata siku moja. Kifua kikuu si ugonjwa wa mapafu?"

"Huanzia kwenye mapafu mara nyingi, lakini husafiri. Huingia kwa pumzi, ukakaa kimya katika tezi, kisha ukajichagulia mahali. Kwa mwanamke anayenyonyesha mara nyingine huchagua ziwa. Si jambo la kila siku, ndiyo maana linatupoteza. Nairobi wameona alama zake ndani ya kinofu. Dawa ipo. Ni ndefu na inachosha, lakini hatukukati."

Nikaanza kucheka na kulia pamoja. Daktari aliniacha nimalize. Kisha akavuta kiti chake mbele.

"Sasa niambieni," akasema. "Wewe hukohoi. Basi nani nyumbani kwenu anayekohoa?"

Nami nikamwona binti yangu, kama vile yuko pale mbele yangu, amelala shuka moja na bibi yake, pua yake imegusa shingo ya bibi yake, mahali mimi mwenyewe nilipomsukuma aende. Hofu niliyokuwa nayo miezi yote ile ilikuwa ya kwangu, naijua, nimeizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Hii ilikuwa mpya. Nikainuka kwenye kiti nikataka kutoka, kana kwamba naweza kukimbia kwa miguu mpaka Msambweni.

"Mama," mume wangu akasema kwa sauti ndogo. "Ni mama anayekohoa."

Nani atamwambia? Tulilijadili katika feri, tukalijadili katika basi, kwa kunong'ona. Yeye alisema hawezi. "Ni mama yangu," akasema. "Nikimwambia mimi, atasikia kwamba mwanawe amemwita muuaji." Basi nikasema nitamwambia mimi, maana nilikuwa na haraka ya mtoto kuliko haya ya mtu mzima.

Tulimkuta uani ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Mtoto alikuwa nyuma yake akichezea vifuu. Jambo la kwanza nilimwendea mtoto nikambeba, naye akajinyonganyonga kutaka kurudi kwa bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wamesema si kansa."

Akainua mikono yote miwili yenye nazi iliyokunwa. "Alhamdulillahi! Sikukwambia?"

"Wamesema ni kifua kikuu."

"Kwenye ziwa?"

"Kwenye ziwa, mama."

Akacheka. Alicheka kwa dhati, kwa ujinga wa hao madaktari, na kicheko kikamgeukia kikohozi, kikamkunja mpaka akashika mbuzi kwa mkono. Sote watatu tulikuwa tumekisikia kikohozi kile kama tunakisikia kwa mara ya kwanza.

"Hiki ni cha moshi," akasema. "Nakohoa tangu huyu mumeo hajaoa."

"Ndiyo, mama. Lakini daktari anataka watu wote wa nyumba wakapigwe picha ya kifua."

"Sema unachotaka kusema. Unasema mimi ndiye niliyekutia maradhi. Mimi niliyekukanda."

Yeye akawa ananitazama, kisha macho yake yakashuka kwa mtoto niliyembeba, yakakaa hapo. Nilimwona akifikiri. Uso wake ulibadilika rangi polepole.

"Na huyu?" akauliza.

"Na huyu pia, mama."

Akainuka. Nazi ilikuwa nusu imekunwa, akaiacha ndani ya sinia, nusu ya pili bado imo kifuuni. Akajipangusa mikono, akasema, "Niletee buibui langu." Tukamwambia basi limekwisha kuondoka, ni mpaka kesho. Akaketi tena, lakini mbali, kwenye ukingo wa kibaraza, na mtoto alipomkimbilia akanyoosha mkono mbele kumzuia. "Mchukue," akaniambia. "Mchukue mwanao." Mtoto alilia mpaka akalala. Nami usiku ule nikamlaza kando yangu, nikawa nasikiliza kila pumzi yake.

Picha ya mavyaa daktari aliiinua dirishani ili tuione. Juu ya pafu la kulia palikuwa na tundu, kama tundu la nondo kwenye kanga. Mtoto alichomwa kisindano kidogo cha mkono, tukaambiwa tumrudishe watazame. Mkono ukavimba, ukawa mwekundu. Maana yake ugonjwa ulikuwa umemfikia. Daktari akaharakisha kutuambia kwamba umemfikia lakini haujamwangusha, mapafu yake bado ni safi, na vidonge vya muda mrefu vitauzuia. Nilimwomba alirudie neno hilo, "safi". Akalirudia. Nje nikamwomba mume wangu naye alirudie.

Mavyaa alilazwa katika wodi ya peke yake, mwisho kabisa wa hospitali, yenye veranda na miembe michanga mbele yake. Alikaa huko miezi mingi. Mume wangu alikuwa akienda siku zake za mapumziko, na mara nyingine alimchukua mtoto akambeba juu mabegani upande wa nje wa uzio, ili bibi amwone. Alinieleza kwamba mama hapungi mkono wala hasemi, anasimama tu kwenye nguzo ya veranda mpaka mtoto ashushwe.

Mimi nilitibiwa nikiwa nyumbani. Kila siku nilikwenda kwa dresa kuchomwa sindano, kulia leo na kushoto kesho, mpaka makalio yakawa na vinundu na kuketi kukawa kazi. Juu ya hiyo kulikuwa na unga wa dawa, mwingi, mchungu, unaochafua tumbo. Nikitapika nameza tena. Ramadhani ilipoingia nilitaka kufunga, nikaona haya kula na watu wamefunga. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja mwenyewe akasimama nje ya mlango wetu, akasema kwa sauti ya kusikika kwa majirani wote: "Mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake. Meza dawa yako, mwanangu." Nilimeza. Lakini majirani nao walikuwa wamekwisha kusikia jina la ugonjwa. Nikienda kwa mtu, kikombe nilichonywea kinaoshwa kwa majivu ningali hapo.

Kisha nikaanza kusikia nyenze. Walilia mfululizo, mchana, wakati wa mvua, hata ndani ya nyumba iliyofungwa. Nikamwuliza mume wangu kwa nini mwaka huu nyenze ni wengi hivi. Akanitazama. Hakukuwa na nyenze. Nilipoinuka ghafla ukuta ulikuwa ukiinama. Tukarudi Mombasa mbio, na daktari akaniuliza mambo mengi juu ya masikio, akasema ni zile sindano, akazikomesha, akaniachia dawa za kumeza peke yake. Nyenze walipungua, lakini sikio la kushoto halikurudi sawa. Mpaka leo mtu akininong'oneza upande huo ni kama hajasema.

Kidonda cha kwanza kilifunga kabla ya cha pili. Nilikuwa nimekwisha kukiona kikifunga mara nyingi, kwa hiyo sikufurahi. Kila asubuhi nilikuwa nikifungua bandeji nikitarajia doa, na kila nilipokuta kitambaa kikavu nilisema, basi ni kesho. Tezi za kwapani zikalainika, zikapungua, nikawa nazitafuta kwa vidole bila ya kuzipata. Siku moja dresa aliniambia nisilete tena kitambaa, hakuna cha kufunga. Nilikwenda nyumbani bila ya bandeji na nilihisi kama natembea uchi.

Ziwa lilibaki, lakini si kama lilivyokuwa. Liliingia ndani upande mmoja, na makovu mawili yakawa kama yameshonwa na fundi asiyejua. Mume wangu alipoliona akasema, "Afadhali hili kuliko kaburi," na kwa mtu wa maneno mengi hayo yalikuwa machache, yakanitosha.

Mavyaa alirudi akiwa amenenepa kidogo na mwenye hasira za mtu aliyekaa sana na wageni. Alikuwa amepona. Daktari alituambia wazi kwamba makohozi yake ni safi, akae na watu, ale na watu. Lakini yeye hakuamini. Alijinunulia sahani yake na kikombe chake, akaviweka peke yake kwenye kapu. Alilala chumba cha uani. Mtoto, aliyekuwa sasa anasema kila kitu, alimfuata huko na kumwuliza kwa nini hamtaki tena. "Nakutaka," alimjibu. "Nakutaka kutoka hapa." Nilimwambia, mama, daktari amesema hakuna hatari. Akasema, "Daktari hakuwahi kulala na mtoto huyu mgongoni." Ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya siku nilipotoka kisimani nikawakuta wamelala usingizi wa mchana juu ya jamvi moja. Nikarudi nyuma kwa nyayo nyepesi, na moyo wangu ukawa unapiga kwa nguvu, nusu yake kwa furaha na nusu kwa woga wa zamani. Sikuwaamsha.

Dawa zilipokwisha, na daktari aliporidhika, nikashika mimba nyingine. Alizaliwa mvulana. Mkunga akamweka kwenye ziwa la kulia, akanyonya kwa pupa, nami nikashukuru na kuamua hilo ndilo litakalokuwa lake. La kushoto sikumkaribisha. Lakini siku ya nne, nikiwa nimeketi kitandani, nililiona kovu limelowa. Nikatazama vizuri: hapakuwa kwenye kovu, palikuwa kwenye chuchu ile iliyovutwa ndani. Palikuwa na tone jeupe. Nikalipangusa. Likatoka jingine.

Sikumwambia mtu mpaka tulipokwenda Mombasa. Daktari yule alikuwa bado yupo, nywele zake zimeingia mvi mbele. Nilifungua kanga kama siku ile ya kwanza, nikamwonyesha. Akalikamua kidogo, akalipokea lile tone kwenye kioo, akaenda kulitazama chumba cha pili. Alikawia. Mume wangu alikuwa amembeba mtoto akimtikisatikisa, na mimi nilikuwa naisoma dua yoyote inayonijia ulimini, hata za safari.

Akarudi akipangusa mikono.

"Ni nini?" nikamwuliza.

"Ni maziwa, dada," akasema. "Maziwa tu."

Nikamchukua mtoto kutoka kwa baba yake, nikaketi kwenye kile kiti chake cha wagonjwa, nikamweka upande wa kushoto. Ilimchukua muda kuipata chuchu. Alipoipata, akatulia.